Barabara ikifungwa, hatari inayobaki ni sisi wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba ni dhuluma kufunga barabara kuu kutwa nzima ili watu waendeshe baiskeli kwa kujifurahisha. Mimi ni mmoja wa hao waliojifurahisha. Nilikuwa miongoni mwa maelfu waliojiandikisha katika msafara wa kilomita 160, na nilirudi nyumbani na ngozi ya kiwiko ikiwa imebaki kwenye lami. Siandiki ili nimkejeli ndugu yetu huyo. Naandika kwa sababu naona ana haki ya kulalamika, ila lalamiko lake limepita kando ya jambo lenyewe.

Kwanza nikubali lile ambalo waendesha baiskeli wengi hatupendi kulikubali. Barabara ni mali ya wote, na mtu anayezuiwa kuitumia, hata kwa saa chache, anaweza kuuliza anazuiwa kwa ajili ya nini. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mgonjwa mwenye miadi hospitalini na familia inayokwenda mazikoni hawawezi kuambiwa wangoje mpaka tumalize mchezo wetu. Chuki inayotokana na jambo hili si ya kufikirika. Mwaka 2009 huko Scotland, katika msafara wa Etape Caledonia, misumari midogo ilimwagwa njiani na mamia ya washiriki wakapata pancha. Kitendo kile hakina utetezi wowote, kwani pancha ya gurudumu la mbele kwenye mteremko inaweza kuua, lakini waandaaji wa mahali popote wanaodhani kwamba bango la "barabara imefungwa" linatosha kuwaridhisha wakazi wakumbuke misumari ile.

Hata hivyo, desturi ya kuwaachia waendesha baiskeli barabara kwa siku moja haikuzuka juzi. Msafara wa Cape Town, unaozunguka rasi kwa kilomita 109, ulianza mwaka 1978 kutokana na harakati za kudai njia za baiskeli mjini humo. Ufaransa, tangu mwaka 1993, imekuwa ikiwapa watu wa kawaida nafasi ya kupita, barabara zikiwa zimefungwa, katika hatua mojawapo ngumu ya mashindano ya Tour de France. London nayo ilianza msafara wake wa maili 100 mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki. Kote huko hoja ya msingi ni ileile: mtu asiye mwanamichezo wa kulipwa apate, walau siku moja, kukanyaga umbali mrefu bila kuhofia gari litakalompita kwa nguvu na kumsukumia mtaroni.

Hapo ndipo penye kosa letu, Mhariri. Tumezoea kuamini kwamba hatari yote ya baiskeli hutoka kwenye magari, kwa hiyo yakiondolewa tunajiachia kama watoto waliofunguliwa uwanja. Ukweli nilioujua kwa maumivu ni kwamba gari likiondoka, hatari inayobaki ni mwendesha baiskeli aliye mbele yako, aliye nyuma yako, na wewe mwenyewe. Kwa hiyo naona namba ya ushiriki isitolewe kwa ada peke yake. Itolewe kwa mtu aliyeonyesha kwamba anaweza kwenda ndani ya kundi bila kuwaangusha wenzake.

Nieleze yaliyonipata, kwa kuwa mkosaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi minne, karibu siku zote peke yangu, nikiongeza umbali kidogo kidogo mpaka kilomita 120 hazikunitisha tena. Siku ya msafara tuliondoka kwa makundi, kila kundi likifuatana na jingine baada ya dakika chache, na kwa saa mbili za mwanzo nilikwenda kasi kuliko nilivyowahi kwenda maishani, nikiwa nimejificha nyuma ya migongo ya watu nisiowajua. Karibu na kilomita ya 70 chupa ya maji ilichomoka kwenye baiskeli ya mtu aliyekuwa mbali mbele na kuanza kubingirika katikati ya kundi. Aliyenitangulia akaikwepa kwa kuvuta usukani kushoto kidogo tu, pengine kwa upana wa kiganja. Mimi nilikuwa nimeliacha gurudumu langu la mbele lipite kando ya gurudumu lake la nyuma, upande huohuo wa kushoto, kwa sababu pale niliona vizuri zaidi na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pale ndipo mahali pabaya kuliko pote. Magurudumu yakagusana. Yeye hakuhisi chochote ila mtikisiko mdogo, akaendelea na safari yake. Mimi nilianguka, na wawili waliokuwa nyuma yangu wakanipanda. Mmoja wao alivunjika mfupa wa mtulinga.

Anayejua kanuni za kwenda kundini atatikisa kichwa akisoma hayo. Magurudumu yakipishana na kugusana, wa nyuma ndiye huanguka karibu kila mara, kwa kuwa gurudumu la mbele ndilo linaloshika mizani ya baiskeli na likizuiwa kugeuka hakuna namna ya kujiokoa. Ni somo la dakika tano. Mtu anaweza kulifanyia mazoezi uwanjani kwenye nyasi na rafiki mmoja, kwa mwendo wa kutembea, mpaka mwili uache kushtuka. Nililipata somo hilo kwenye machela, kutoka kwa mhudumu wa huduma ya kwanza aliyekuwa akinifunga bendeji.

Msomaji asiyependa baiskeli atauliza kwa nini watu wabanane kiasi hicho wakati barabara nzima ni yao. Jibu ni upepo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu ya miguu hutumika kuisukuma hewa, na anayekaa karibu nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au hata zaidi. Katika kilomita 160 hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika na kuishia njiani. Lakini kwa mwendo huohuo baiskeli hupita zaidi ya mita nane kwa kila sekunde, nawe umeacha nafasi ya nusu mita tu kati yako na gurudumu la aliye mbele yako. Hakuna binadamu mwenye macho na mikono ya kufunga breki ndani ya nafasi hiyo. Kinachokulinda ni uhakika kwamba aliye mbele hatafanya jambo la ghafla, na kwamba akiona shimo, chupa au mtu aliyesimama atapaza sauti au ataonyesha kwa mkono, na ishara hiyo itapokezanwa mpaka kwa wa mwisho. Kundi la watu waliozoeana huenda kama kamba moja. Kundi la watu mia wasiojuana, ambao nusu yao hawajawahi kwenda hata wawili wawili, hukunjuka na kujikunja: wa mbele akigusa breki kidogo, wa kumi hulazimika kuifinya sawasawa, na wa thelathini anasimama au anaanguka.

Kufungwa kwa barabara huzidisha tatizo hilo badala ya kulipunguza. Siku za kawaida mstari wa katikati na magari yanayokuja vinatulazimisha kuwa na adabu, kwa kuwa kila mtu anajua upande wake, na anayetaka kumpita mwenzake hutazama nyuma kwanza. Siku ile mstari haukuwa na maana tena. Watu walipitana kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Wachovu, ambao walipaswa kubaki pembeni, walikwenda polepole katikati wakizungumza watatu watatu, na kwenye kona wengi walikata njia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kana kwamba wako peke yao duniani. Wapo waliokuwa na visikizi masikioni, wakisikiliza muziki, hivyo ukiwapigia kelele ni sawa na kuupigia kelele mlima. Isitoshe, barabara iliyofungwa haifungwi kwa kila kitu. Gari la wagonjwa hupita, pikipiki za waongozaji hupita, na wakati mwingine hupita kwa kuja mbele yako. Anayeteremka kwa kilomita 60 kwa saa anapita karibu mita 17 kila sekunde, na akikutana na gari la wagonjwa kwenye kona asiyoona mwisho wake, haitamfaa kusema kwamba aliahidiwa barabara tupu.

Vituo vya maji ndivyo vilivyonitisha zaidi, kuliko hata miteremko. Mtu yuko upande wa kulia, anaona meza ya ndizi upande wa kushoto, anakata barabara nzima bila kutazama nyuma. Mwingine anasimama palepale alipo na kushuka. Nilikwepa mara tatu kabla ya kuanguka kwangu, na sikuona mwongozaji hata mmoja aliyewekwa mita 100 kabla ya kituo ili kuwapanga wanaosimama upande mmoja na wanaoendelea upande mwingine.

Nimepitia tena maelekezo yote niliyotumiwa na waandaaji, ambao sitawataja kwa kuwa sidhani wao ni wabaya kuliko wengine. Niliambiwa pa kubandika namba, namna ya kufunga chipu ya muda, yaani kifaa kidogo kinachopima muda wa kila mshiriki, pa kuacha mkoba na vitu gani vya kula njiani. Kuhusu kwenda kundini kulikuwa na sentensi moja: washiriki wanaombwa kuwa waangalifu. Mtu huambiwi uwe mwangalifu majini kabla hujafundishwa kuogelea.

Waandaaji watasema hawawezi kuwapima watu elfu kumi. Sikubaliani nao. Mwaka 2017 msafara wa Cape Town ulifutwa siku yenyewe kwa sababu ya upepo mkali, maelfu wakiwa tayari wamejitokeza, na mwaka 2015 ulifupishwa kuwa kilomita 47 kwa sababu ya moto wa msituni. Kama inawezekana kuwageuza watu wote hao kwa ajili ya usalama wao, haishindikani kumwambia mtu mmoja kwamba alete kwanza hati kutoka klabu yoyote ya baiskeli inayoonyesha kwamba ameshiriki safari tatu za pamoja na amefundishwa ishara za mikono, nafasi kati ya magurudumu na namna ya kuteremka. Asiye na klabu apewe asubuhi moja ya mafunzo wiki chache kabla ya msafara. Asiyetaka lolote kati ya hayo arudishiwe fedha zake.

Jambo la pili ni ukweli wa muda. Fomu ya kujiandikisha huuliza unatarajia kumaliza kwa saa ngapi, na jibu ndilo linalokupanga katika kundi la kuondoka. Wengi hudanganya, nami nilidanganya, kwa kuwa kila mtu anaogopa kuondoka mwisho na kukutwa na gari linalokusanya waliochelewa. Matokeo yake ni kwamba mtu wa kilomita 20 kwa saa anawekwa kati ya watu wa 32. Kutangulia si kufika: wengi wa hao niliwaona baadaye wamekaa kando ya njia wakijinyoosha misuli iliyokaza. Wapo wanaopendekeza walio wazito wa mwendo waondoke kwanza ili wapate muda mrefu zaidi. Pendekezo hilo lina huruma, lakini ningelikataa, maana linawafanya wepesi wote wapite katikati ya wazito wote, na kupitana ndiko kunakoleta ajali. Afadhali waongezewe saa moja mwishoni, ikiwa wakazi watakubali.

Na wakazi lazima waulizwe, kwa maana lile gari la kukusanya waliochelewa wengi wetu hatulielewi. Tunaliona kama aibu. Kwa mkazi, gari hilo ni ahadi inayotembea, kwani likishapita barabara ni yake tena. Anayekwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa anahitaji saa nane za kukanyaga kumaliza kilomita 160, mbali na kusimama, na anayejua hatafikia wastani huo achague njia fupi mapema. Nilimwona mtu mzima akigoma kupanda gari hilo, akidai amelipa ada kama wengine, huku nyuma yake foleni ya magari ikingoja. Ndugu yetu aliyelalamika gazetini pengine alikuwa ndani ya foleni hiyo, na kama alikuwamo namwomba radhi kwa niaba ya yule bwana.

Nimekwisha kujiandikisha kwa mwaka ujao. Safari hii nimeandika muda wangu wa kweli, ambao utaniweka katika kundi la tatu kutoka mwisho, na kila Jumamosi ninakwenda na klabu moja ambayo kwa majuma sita ya kwanza haikuniruhusu kukaa mbele ya mtu yeyote. Yule aliyevunjika mtulinga ananiambia kwamba mfupa umeunga, lakini bado hajaamua kama atarudi.

Ni mimi msomaji wako,
Mwendesha baiskeli wa kundi la nyuma