Ziara ya Jumamosi: jengo la umeme mtupu, Brooklyn

Ndugu wanakikundi,

Ziara yetu ya 505 State Street itafanyika Jumamosi hii, na tutakutana saa nne kamili asubuhi nje ya stesheni ya Atlantic Avenue–Barclays Center ili tutembee pamoja hadi jengoni. Jengo hilo la makazi lenye ghorofa 44 na nyumba 441 halina bomba la gesi hata moja: upashaji joto, upoozaji, upishi na ukaushaji wa nguo vyote hutegemea umeme.

Naomba tuzitazame kwa makini zaidi pampu za joto, ambazo hazichomi chochote bali huhamisha joto lililomo hewani, pamoja na majiko ya sumaku-umeme, ambayo huitia moto sufuria yenyewe, si uso wa jiko. Kwa sababu hiyo sufuria zetu za alumini tulizozoea hazifai juu ya majiko ya kawaida ya aina hiyo. Sumaku ikinata kwenye kitako, basi sufuria inafaa.

Tusisite pia kuuliza kuhusu kodi na bili, na kuhusu umeme wenyewe, kwani umeme wa New York bado hutokana kwa sehemu kubwa na gesi. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali zito kuliko yote, hasa kwa kuwa sheria ya jiji ya mwaka 2021, inayozuia uchomaji wa gesi katika majengo mapya, itayabana majengo marefu mapya kuanzia 2027.

Tafadhali thibitisheni kuja kwenu kabla ya Alhamisi jioni.

Mratibu