Kuhusu mshahara wa dhambi

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na natumaini wewe na wote wa nyumbani hamjambo.

Umeniuliza mbona niliondoka mazishini kabla ya mahubiri kwisha. Uvumilivu ulinishinda. Jeneza lenyewe mtu mmoja angelibeba kwapani, mama mtu ameketi pale pale mbele, na mhubiri anatamka kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Mshahara hulipwa aliyefanya kazi. Mtoto wa miezi minne alifanya kazi gani?

Utanijibu kwa Warumi 5:12, kwamba mauti iliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Haya, turudi Mwanzo 3:22. Adamu anafukuzwa bustanini asije akala tunda la mti wa uzima akaishi milele. Kama aliumbwa asife, mti ule ulikuwa wa nini? Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 418, uliwalaani wanaosema Adamu angekufa hata asingekosa. Basi na mimi nihesabiwe humo. Tena aliambiwa siku atakayokula tunda alilokatazwa atakufa, naye akaishi miaka 930. Wengi husema hicho kilikuwa kifo cha kiroho. Nakubali, ila kibaki cha kiroho, kisihamishiwe makaburini kila tukizika.

Halafu tazama mwili wenyewe. Tumboni, mkono wa mtoto huanza ukiwa bapa, kisha seli zilizo katikati ya vidole hufa ndipo vidole viachane. Zisingekufa, tungezaliwa na vidole vilivyoshikana kama vya bata. Kifo kinatufinyanga hata kabla hatujavuta pumzi ya kwanza! Na dinosaria waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita, sijasikia mtu akiwatafutia dhambi.

Sisemi dhambi haiui. Mlevi akishika usukani akagonga watu, hapo imeua kweli. Ninachokataa ni kila maiti kutafutiwa kosa. Yesu mwenyewe aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Najua papo hapo aliwahimiza watu watubu, lakini waliohimizwa ni wazima waliokuwa wakimsikiliza. Waliokufa hakuwasomea mashtaka.

Nakuandikia hasa kwa sababu ya yule mama. Juzi aliniuliza kama ni ile mimba aliyoibeba kabla ya ndoa ndiyo iliyomponza mwanawe. Nikamwambia hapana, ni nimonia. Sidhani alinisadiki, mimi pale kanisani nimeshahesabiwa mbishi. Wewe wanakusikiliza. Tafadhali mwendee wiki hii, na huyo mhubiri usimchukue.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako.