Barua kwa Mwanangu: Kabla Hamjaifungua Hiyo Land Rover

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako imefika na picha nimezitazama moja moja. Land Rover Series IIA ya inchi 88 (huo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya petroli, injini imekwama, na ninyi wanne mnataka kuifungua yote Jumamosi. Nakuomba uwazuie wenzako. Gari la namna hii haliuawi na kutu peke yake. Mengi huishia kwenye maboksi: hamu iliyalegeza mpaka nati ya mwisho, kisha ikaisha kabla ya gari. Fungueni mfumo mmoja, umalizeni, ufungeni, ndipo mguse mwingine.

Kwanza someni namba. Series IIA ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na ndani ya miaka hiyo vipuri vilibadilika zaidi ya mara moja. Herufi iliyo mwishoni mwa namba ya chesisi ndiyo itakayowaambia mnunue kipuri kipi, hasa cha giaboksi na ekseli. Namba hiyo iko kwenye kibati, na imegongwa pia kwenye chuma chenyewe upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikiliwa. Sugueni hapo kwa brashi ya waya na mkono, grinda itaifuta. Kama namba mbili hizo na karatasi za gari havikubaliani, acheni kazi hapo hapo mpaka mambo ya karatasi yanyooke.

Sasa chesisi, na hapa nitakaa kidogo.

Bodi ya gari hili ni ya aloi ya alumini, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana gari linaweza kukaa nje miaka na miaka na bado likapendeza kwa mbali. Chini yake kuna chesisi ya chuma iliyoundwa kama boksi refu, na boksi hilo huingia tope na maji lakini halikauki upesi. Kutu huanza ndani ikitoka nje, kwa hiyo rangi nyeusi mnayoiona kwenye picha haithibitishi lolote. Pigeni kwa nyundo ndogo, kila inchi chache. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kizito kama debe lililojaa mchanga. Anzieni boriti ya nyuma kabisa, kisha mikono inayotoka pembeni kubeba ukuta wa mbele, kisha mkono unaobeba tanki, kisha panaposhikiwa springi. Palipoitika vibaya, gongeni kwa ncha ya bisibisi kuukuu. Ikipenya, msihuzunike: afadhali ipenye gari likiwa kwenye stendi.

Kiraka hakibandikwi juu ya kutu. Kateni mpaka mfikie chuma king'aacho, chomeleeni bamba la milimita 2 au 3 ukingo kwa ukingo, na msizibe vitundu vya kutolea maji. Msikate mikono ya pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa maana hiyo ndiyo inayoshikilia vipimo. Mkikata yote, milango haitafungika tena na mtailaumu milango. Kabla na baada ya kila mchomeleo pimeni mshazari kwa mshazari, kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti. Vipimo viwili visipolingana, chesisi imevutwa na moto. Na tanki: kwenye 88 liko chini ya kiti cha kulia. Litoeni lote, mlipeleke mbali. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Tenganisheni na betri pia. Mkimaliza, pulizieni nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi, si nje tu. Methali ya ufa na ukuta ingefaa kubandikwa kwenye boriti ya nyuma ya kila Land Rover.

Ukuta unaotenga injini na dereva nao ni chuma, na huoza kwenye sakafu ya miguu na kwenye nguzo za milango. Palipokutana alumini na chuma mtaona unga mweupe: metali mbili zikilowa pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Pakeni rangi pande zote mbili, wekeni utepe au gundi ya kutenganisha katikati, kisha ndipo mfunge bolti.

Injini iliyokwama isiwatie hofu, ila msiivute kwa gari jingine ili izunguke. Pete za pistoni zilizoshikwa na kutu zitavunjika, na silinda itachorwa. Toeni plagi zote nne, mimineni kijiko kimoja au viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, acheni siku kadhaa, kisha tikiseni kwa hendeli ya mbele, huku na huku, bila kulazimisha. Ikilegea, zungusheni plagi zikiwa bado nje, mchanganyiko utoke, mbadili oili na filta. Oili ni lita 6 na robo, na filta huchukua karibu lita moja zaidi.

Valvu zake zinarekebishwa kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Ziko nane, hesabuni kutoka mbele. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa zote, injini ikiwa moto au baridi. Zungusheni hendeli mpaka valvu moja izame kabisa, kisha toeni namba yake kwenye 9: jibu ndilo valvu ya kurekebisha. Ya 8 ikiwa chini, rekebisha ya 1. Ya 6 ikiwa chini, rekebisha ya 3. Ya 4 kwa ya 5. Ya 7 kwa ya 2. Na kinyume chake. Bamba la kupimia liteleze kwa kushikashika kidogo. Kaza nati ya kufungia huku bisibisi imeshikilia skrubu, halafu pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huizungusha skrubu. Valvu inayolia kidogo haina madhara makubwa. Iliyobanwa ikanyamaza ndiyo inayoungua, kwa kuwa haikai sawasawa kwenye kiti chake na joto halina pa kukimbilia. Pointi za distribyuta zikifunguka ziachane milimita 0.35 hadi 0.40, na mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Kama mtafungua silinda hedi, bolti kubwa hukazwa kwa futi-pauni 65, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje; injini ikishapata moto na kupoa mzirudie, halafu valvu mzipime upya.

Kuhusu bolti kwa jumla: gari hili limechanganya mifumo ya hesi (meno ya bolti na nati) ya Kiingereza ya zamani na ya inchi iliyokuja baadaye. Bolti isiyoingia kwa vidole isilazimishwe kwa spana. Huenda si yake. Na spana za milimita ziacheni kwenye sanduku, zitawamalizia vichwa vya nati.

Breki zote ni dramu. Vumbi la bitana za zamani msilipulize kwa hewa wala mdomo, huenda lina asbestosi. Lilowesheni na mlifute kwa kitambaa mtakachokitupa. Silinda za magurudumu nunueni mpya. Mipira ya mabomba laini nayo mpya, hata ikionekana mizuri: huvimba ndani, mafuta yakaenda yasirudi, na gurudumu likabaki limeshikwa mkidhani kosa ni la springi za breki. Wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, kazeni kwanza viatu vya breki mpaka viguse dramu. Pistoni zikirudishwa ndani nafasi ya upepo inapungua. Mmoja akanyage, mmoja afungue nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu), mmoja atazame kopo la mafuta lisikauke. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki. Mafuta ya injini yasikaribie hapo kabisa, yanavimbisha mpira.

Umeme ni mfupi, lakini una mtego. Magari ya kabla ya 1967 kwa kawaida waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, si hasi. Tazameni kabla ya kuunganisha kwa mazoea, hasa kama mtu aliwahi kuweka redio au alteneta.

Ekseli ya mbele ina duara mbili za chuma cha kung'aa kwenye kona za magurudumu. Zikiwa na vishimo, sili mpya mtakayoweka italiwa mara moja na nusu lita ya oili iliyo ndani itamwagika. Vishimo vidogo jazeni epoksi na msugue kwa msasa laini. Vikubwa, badilisheni duara. Beringi za gurudumu ziachiwe mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, na kufuli ya bati iwe mpya kila mara. Springi zikirudishwa, bolti za bushi msizikaze mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utajikunja na kuchanika mapema. Giaboksi huchukua lita 1.5, transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) 2.5, kila difu (gia za katikati ya ekseli) 1.75, zote oili ya gia ya EP90. Oili ya transfa ikipungua na ya giaboksi ikiongezeka, sili iliyo kati yao imekufa.

Sasa ninyi wanne. Mmoja awe na daftari na simu ya picha, na asishike spana mpaka amemaliza kuandika. Kila mfuko wa bolti uandikwe ulitoka wapi na siku gani. Giaboksi hutoka kupitia chumba cha dereva baada ya kung'oa sakafu na boksi la viti, kwa hiyo pangeni siku yenye watu watatu angalau na winchi. Paa la bati nalo linataka wanne, kila mmoja pembe yake. Anayekaza bolti ya breki au usukani asiwe ndiye anayeikagua. Na semeni mapema gari ni la nani na nani analipa nini. Hilo mnaweza kulitatua leo kwa karatasi moja. Likisubiri hadi rangi, litawagombanisha.

Siku ya kwanza barabarani, kitufe cha njano, kinachounganisha magurudumu ya mbele kikisukumwa chini, kiachwe juu. Gari hili halina difu ya katikati, ya kuruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti. Magurudumu manne yakivuta kwenye lami, ekseli mbili hushindana na kitu hukatika, aghalabu shafti ya nyuma. Baada ya kilomita chache simamisheni, gusa kila dramu kwa mkono. Lenye joto kuliko wenzake limeshikwa.

Nitumie picha ya boriti ya nyuma kwa karibu, upande wa ndani, na herufi ya mwisho ya namba ya chesisi. Hapo ndipo nitakwambia mnunue nini kwanza. Wasalimie wenzako.

Mama yako