Lehemu ikishuka, msikimbilie kutupa vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linaloniuma kila ninapolisikia: ule ubishi kwamba mwenye lehemu nyingi, au kolesteroli kama wengi tunavyoiita, lazima achague moja, ama ale vizuri, ama ameze vidonge. Ubishi huo umekaa nyumbani kwetu, na umetugharimu.

Kaka yangu mkubwa alipimwa akakutwa na lehemu mbaya, ile ya LDL, ya 5.1 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita), namba ya juu. Akaandikiwa statini, vidonge vya kushusha lehemu. Na kwa kuwa ni mtu wa kushika neno, akabadili na chakula: siagi akaacha, nyama za mafuta akaacha, vya kukaanga hataki hata kuviona. Baada ya miezi mitatu akapima tena, ikaja 2.4. Karatasi ile aliikunja akaitia kwenye pochi, na kila mgeni aliyefika alifunuliwa aisome. "Mnaona? Chakula tu." Vidonge akaviacha boksi likiwa nusu, na kupima hakurudi. Mwaka mmoja na kidogo baadaye tulimkuta sakafuni bafuni, jasho linamtoka, mkono umeshika kifua. Yu hai, tunashukuru. Lakini ngazi anazipanda kwa kituo.

Sitasema kuacha vidonge peke yake ndiko kulikomwangusha. Alikuwa pia na presha ya siku nyingi. Ninachosema ni kwamba ile 2.4 aliisoma vibaya, na ninajua wengi wanaoisoma hivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya lehemu mwilini haitoki kwenye sahani. Ini lenyewe ndilo linaloitengeneza. Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitegemea kwa kazi hiyo, na ini likiona limepungukiwa huongeza vipokezi vya kunasa LDL iliyomo kwenye damu. Vipokezi hivyo ndivyo vilivyowapa wanasayansi Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ukiacha kidonge, ini linarudia mwendo wake wa zamani, na katika wiki chache tu namba hupanda tena. Hii si dawa ya homa, kwamba ukimaliza dozi umepona.

Je, chakula hakina maana? Kina maana kubwa, tena ningependa kila mtu aanze nacho leo. Ukiondoa mafuta yanayoganda ukaweka ya alizeti au zeituni, LDL hushuka. (Mafuta ya nazi na mawese yanatoka kwenye mimea, ndiyo, lakini yamejaa mafuta ya aina ileile ya siagi, jina la mimea lisikuhadae.) Maharage, dengu na shayiri vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hushika nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini hulazimika kuchota lehemu kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Ila tufanye hesabu. Kwa watu wengi, kubadili chakula hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15. Statini hushusha asilimia 30 hadi 50, pengine na zaidi. Toa asilimia 15 kwenye 5.1 ya kaka: unabaki na 4.3. Hapo ndipo chakula peke yake kingemfikisha. Kutoka 4.3 hadi 2.4 ilikuwa kazi ya kidonge alichokiacha.

Mtu ambaye lehemu yake imepanda kidogo, havuti sigara, hana kisukari wala hajawahi kuugua moyo, daktari anaweza kumpa miezi kadhaa ajaribu chakula na mazoezi kwanza. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo hana muda huo. Utafiti uliotolewa mwaka 1994 kutoka nchi za Skandinavia, wenye wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha kwamba waliopewa simvastatini, aina mojawapo ya statini, walipungukiwa na vifo kwa asilimia 30. Na kuna waliorithi lehemu nyingi kwa damu ya wazazi, takriban mmoja katika kila watu 250. Hao wanaweza kuwa wembamba, wanakula mboga kila siku, na bado LDL iko juu. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hajajitahidi ni kumwonea.

Najua hofu ya maumivu ya misuli. Wako wanaoumwa kweli, na hao wamwambie daktari awabadilishie aina au apunguze dozi. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Uingereza waliwachukua watu walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu dawa yenyewe na kidonge kisicho na kitu ndani. Sehemu kubwa ya maumivu waliyoyapata kwa dawa waliyapata pia kwa kile kitupu.

Ombi langu ni kwa wahudumu wa afya: siku mnayompa mgonjwa majibu mazuri, mwambieni palepale kilichoyaleta, na kwamba kidonge kinaendelea. Kaka hakuambiwa neno. Karatasi yake alipewa kupitia kidirisha, akaitwa anayefuata.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.