Malalamiko kuhusu sasisho "dogo" linaloandika upya mafaili ya wateja bila ruhusa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nakala: Kiongozi wa wahandisi wa kihariri

Ndugu Meneja,

YAH: KIHARIRI CHA MSIMBO KUBADILISHA MAFAILI YETU TANGU TOLEO 3.4.2

Nawaandikia nikiwa mteja wenu wa kulipia, mtengenezaji wa tovuti ninayefanya kazi na wenzangu katika hazina moja ya msimbo, kulalamikia sasisho lililojisakinisha lenyewe kwenye kompyuta zetu na kuwasha kipengele cha kupanga upya msimbo kila faili linapohifadhiwa. Kipengele chenyewe sina ugomvi nacho. Kimekuwamo tangu zamani na wapo wanaokipenda. Ninacholalamikia ni kwamba kilikuwa kimezimwa nasi tukaridhika kiwe hivyo, ninyi mkakiwasha bila kutuuliza, kisha mkaieleza kazi hiyo katika orodha ya mabadiliko kwa maneno "marekebisho ya hitilafu ndogondogo".

Mwenzangu alifungua faili la fomu ya kuingilia ili arekebishe sharti moja linalokagua nywila, akabadilisha mstari mmoja na kuhifadhi. Kihariri kikageuza alama zote za nukuu moja kuwa za nukuu mbili, kikaondoa tabo na kuweka nafasi, kikakata mistari mirefu na kuunganisha mifupi. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ikaonyesha kwamba karibu faili zima limebadilika. Aliyepewa kazi ya kuyapitia mabadiliko hayo hakuwa na njia ya kuuona mstari mmoja wenye maana katikati ya mamia ya mistari iliyobadilika sura tu, na kwa kuwa majaribio yalipita, kazi ikaunganishwa kwenye tawi kuu. Mapitio ya msimbo yapo ili jicho la pili lione kilichobadilika. Kihariri kinachobadilisha kila kitu kinalipofusha jicho hilo.

Ingekuwa ni sura pekee, pengine ningenung'unika na kuendelea na kazi. Lakini yapo mafaili ambayo nafasi tupu ndani yake ina maana. Programu ya kujenga miradi iitwayo Make, iliyoanza kutumika mwaka 1976, hutaka kila mstari wa amri katika Makefile, yaani faili la maagizo yake, uanze na tabo, isipokuwa mwandishi awe ameagiza vingine kwa makusudi. Kihariri chenu kiliweka nafasi mahali pa tabo, na tangu hapo ujenzi wa mradi ukawa unakwama kwenye seva. Katika Markdown, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama nyepesi, nafasi mbili mwishoni mwa mstari ni agizo la kukata mstari; kihariri kilizifuta kama takataka, na maelekezo ya watumiaji wetu, yaliyokuwa yamepangwa mstari kwa mstari, yakamwagika kuwa aya moja. Tunalo pia faili la EditorConfig katika mzizi wa mradi, linalotaja wazi aina gani ya faili itumie tabo na ipi isiondolewe nafasi za mwisho. Nyaraka zenu zinasema kihariri hulisoma faili hilo. Tangu toleo hili, kipangaji kinalipuuza.

Niliwasiliana na dawati lenu la msaada, nikajibiwa kwa adabu kwamba naweza kuiagiza Git iruke rekodi za mabadiliko (commit) zilizoharibiwa pale ninapotafuta ni nani aliandika mstari fulani. Uwezo huo naufahamu; umekuwamo katika Git tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019, na ni mzuri pale upangaji wa msimbo unapofanywa peke yake, katika rekodi yake, kwa makubaliano ya timu nzima. Hapa upangaji umechanganyika na kazi halisi ndani ya rekodi ileile. Nikiiagiza Git iiruke, nitakuwa nimeuficha pamoja nao mstari wa nywila ambao ndio hasa ninataka kujua umetoka wapi. Aliyenijibu alikuwa na ukarimu, ila nashuku hakuwa amelisoma tatizo lenyewe.

Mnatangaza kwenye tovuti yenu kwamba mnafuata utaratibu wa Semantic Versioning, ambao namba yake ya tatu hupanda kwa marekebisho ya hitilafu yasiyovunja matumizi yaliyopo, na mabadiliko yanayovunja hutengewa namba ya kwanza. Ni kwa kuiamini ahadi hiyo tuliacha masasisho ya namba ya tatu yajisakinishe yenyewe. Kutoka 3.4.1 kwenda 3.4.2 hatukutarajia kihariri kianze kuandika ndani ya mafaili yetu vitu ambavyo hatukuvichapa. Kibaya zaidi, nilipokizima kipengele hiki, usawazishaji wa mipangilio kupitia akaunti ulikiwasha tena nilipohamia kompyuta nyingine, kana kwamba uamuzi wangu ulikuwa hitilafu nyingine ya kurekebishwa.

Naomba mtoe sasisho litakalorudisha kipengele hiki katika hali ya kuzimwa kwa kila mteja ambaye hakukiwasha mwenyewe, na litakalokifanya kipangaji kitii EditorConfig popote faili hilo lilipo. Naomba pia orodha ya mabadiliko ya toleo 3.4.2 isahihishwe na kutaja jambo hili waziwazi, kwa sababu naamini zipo timu nyingine ambazo hadi sasa zinalaumiana wenyewe kwa wenyewe kuhusu tabo na nafasi bila kujua chanzo. Kuhusu usawazishaji, ombi langu ni kwamba mpangilio uliowekwa na mteja usifunikwe kamwe na chaguo-msingi lenu jipya.

Iwapo haya hayatafanyika kabla ya malipo yetu yajayo kufika tarehe yake, tutasitisha usajili wa timu nzima na kudai turudishiwe ada ya muda ambao haujatumika. Nimeambatisha mafaili mawili, moja kabla na moja baada ya kuhifadhiwa, pamoja na nakala ya mipangilio yetu, ili wahandisi wenu waweze kulirudia tatizo kwenye kompyuta zao. Nitashukuru nikijibiwa na mmoja wao.

Wenu katika kazi,
Mteja wa usajili wa timu