Usiondoke Jumamosi kabla presha ya oili ya gari haijapimwa

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata jana usiku. Mistari michache tu: taa ya oili inapepesa injini ikishapata moto, ukisimama kwenye foleni, ukikanyaga mafuta inazima, na safari ya Jumamosi iko palepale. Hilo la taa linatibika. Hilo la Jumamosi ndilo lililoninyima usingizi. Nakuomba usiondoke na gari hilo kabla presha ya oili haijapimwa kwa geji. Kwa geji, siyo kwa macho wala kwa kusikiliza injini.

Umesema oili ipo, umeangalia. Umeangaliaje? Nakujua, ulifungua boneti injini ikiwa imezimwa sasa hivi, ukachomoa kijiti, ukaona kimelowa, ukafunga. Hiyo haihesabiki. Weka gari mahali tambarare, zima, subiri dakika 5 hadi 10 oili yote ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute kikauke, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena, hapo ndipo usome. Kisha usiishie kwenye alama. Chukua tone, lisugue kati ya vidole, linuse. Likinuka petroli, mafuta yameingia kwenye oili yakaifanya nyepesi. Likiwa jeupe kama maziwa, maji yameingia, usiwashe tena. Ukilipeleka juani ukaona vumbi linalometameta, hiyo ni beringi inalika, na hapo safari imekwisha kabla haijaanza, unipigie simu hata kama ni usiku wa manane.

Lakini hata kijiti kikisema oili imejaa, bado hujamaliza. Taa hiyo nyekundu haijui oili iko kiasi gani. Inawashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye injini, inayosikiliza presha tu, na kwenye magari mengi huwaka presha ikishuka chini ya bar 0.3 hadi 0.5 hivi (bar ni kipimo cha presha). Hiyo ni presha ndogo sana. Kwa hiyo taa ikianza kupepesa, usidhani inakuonya mapema. Imechelewa.

Ungeniambia inawaka ukikata kona au ukishika breki, ningesema oili imepungua, inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Ungesema inawaka ovyo hata ukiwa kwenye mwendo, na zaidi kwenye mashimo, ningeshuku waya. Wewe unasema injini ikishapata moto, ukisimama. Oili ya moto ni nyepesi, na pampu inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikizunguka polepole pampu nayo inasukuma kidogo. Injini iliyochoka huanza kulalamika hapohapo, kwa sababu nafasi kwenye beringi zimepanuka na oili inapita upesi kuliko pampu inavyoweza kuileta.

Fundi aliyekumwagia oili mwezi uliopita usimlaumu. Umeandika kwamba taa imeanza baada ya yeye kuligusa gari, na kwamba ulimgombeza. Aliweka 10W-30 kama kitabu cha gari kinavyotaka. Oili aliyoikuta humo ilikuwa 20W-50, nzito zaidi, na hakuiweka yeye. Oili nzito huinyamazisha taa. Haizibi nafasi ya beringi, na asubuhi injini ikiwa baridi inachelewa kupanda juu. Inanyamazisha taa, basi. Ulipokuja kulichukua gari kwangu ulikuwa na haraka na furaha, na mimi nilikuwa nimepanga kulipima mwisho wa wiki ile. Mwambie fundi wako samahani, kwa niaba yetu sote wawili.

Sasa umrudie yeye yuleyule, maana anafuata kitabu. Pengine atasema swichi imekufa, tuibadili. Huenda ni kweli. Swichi hizo hufa, na ukichomoa soketi ya waya ukaikuta imelowa oili ndani, ni dalili kwamba inavuja. Ila kabla hajafunga mpya, mwambie afunge geji kwenye tundu hilohilo la swichi. Injini iwe imepata moto kamili, umeendesha kama dakika 20. Asome ikiwa imetulia bila kukanyagwa, kisha asome kwenye mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika. Mafundi wengi hukadiria psi 10 (psi ni kipimo kingine cha presha) kwa kila mizunguko 1,000, lakini kadirio ni kadirio. Kipimo cha kweli kiko kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo. Andika namba zote, unitumie. Usinitumie neno "iko sawa". Nataka namba.

Geji ikionyesha presha nzuri, badilisha swichi na uende zako, nitakuombea safari njema. Ikionyesha ndogo, aanze na filta, kisha ashushe sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, aangalie chujio la pampu. Ni wavu mdogo tu, na kwenye gari la umri huo tope jeusi la oili hujibana kwenye matundu yake mpaka pampu inanyonya kwa shida. Akikuta hivyo tumshukuru Mungu, maana hilo linasafishika. Baada ya hapo ni vali ya presha, pampu yenyewe, na mwisho beringi. Mtu asikushauri umwage dawa ya kusafisha injini kwa ndani. Kwenye injini kuukuu tope hubanduka kwa mpigo mmoja na kwenda kuziba chujio hilohilo. Na asikurudishie 20W-50 ili ufike tu. Hilo nakukataza kabisa.

Ikitokea taa imewaka moja kwa moja ukiwa barabarani, toa gari pembeni, zima injini. Usiseme nifike pale mbele. Chuma kikisagana na chuma bila oili, dakika chache zinatosha injini kunoki, na kama imeanza kugonga hakuna oili ya kuiponya.

Najua Jumamosi ina maana gani kwako, na sijasema usiende. Nenda na chombo kingine, nenda Jumapili. Umekuwa mtu wa kutegemewa kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wako, na watu wanaokusubiri wanalijua hilo. Hata hii taa, wengine wangeifunika kwa kipande cha gundi ya karatasi. Wewe uliiona siku ya kwanza, ukaniandikia. Ingawa ungeniandikia mapema zaidi ya saa nne usiku.

Mama yako hajambo, goti limepungua. Anauliza funguo ya kabati la chumba chako, maana hati za bima ziko humo na mimi siikumbuki ilipo. Bomba la jikoni nimelitengeneza, sasa linavuja kwa chini badala ya kwa juu. Miwani yangu imevunjika mkono, ndiyo maana mwandiko umelala.

Geji yangu nimekutumia, utaipata Alhamisi. Ndani ya boksi kuna nati za kuungia za ukubwa tofauti. Mwambie fundi aanze kuifunga kwa mkono mpaka ishike vizuri, ndipo atumie spana, asije akaharibu hesi za kwenye bloku. Kioo chake kina ufa, hakina shida, mshale unasoma vizuri. Nimeujaribu jana usiku ule ule kwenye gari la jirani.

Ni mimi baba yako.