Barua kwa wifi yangu, kabla hujafika pale

Wifi yangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliponiuliza kama ule mgahawa mpya wa chakula cha mtaani cha Kikorea ni mzuri, nilikujibu "tutaongea", nikakuuliza habari za safari. Nilikusikia ulivyofurahi, sikutaka kukukatisha tamaa. Lakini umesharudia mara mbili kwamba ukifika tu, hata mizigo hujafungua, tutakwenda pale wote watatu, wewe, mimi na Mama. Basi acha nikwambie yote sasa. Nayaandika wazi kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, na hamu niliyokuwa nayo umeipanda wewe. Unakumbuka likizo ile uliponipikia tteokbokki? Vile vipande vya unga wa mchele ulivitia kwanza kwenye maji vilainike. Ukachemsha dagaa wakavu na mwani mpaka ukapata supu, ndipo ukakoroga gochujang ndani yake. Nilitaka kuongeza moto, ukanizuia. Ukanieleza kwamba gochujang ni pilipili iliyochachushwa pamoja na mchele wa kunata na soya, ndiyo maana inawasha na bado ina utamu na chumvi vinavyobaki ulimini. Tulisimama pale jikoni tukitazama rojo likizidi kuwa zito kwa wanga wa vile vipande vyenyewe.

Pale nililetewa bakuli ambalo pembeni linachoma vidole na katikati ni baridi. Nilipouma kipande cha kwanza, nje kililegea, ndani kigumu. Wewe unajua maana yake: vilikaa kwenye friji, wanga ukakaza, vikapashwa haraka bila kuachwa vichemke taratibu kwenye rojo. Rojo lenyewe lilikuwa jepesi, tamu kama sosi ya nyanya ya chupa, na pilipili imenyunyizwa juu mwishoni. Nilikula nusu. Nikajiambia labda nimefika siku mbaya, jikoni wamezidiwa.

Mara ya pili nilikwenda na kaka yako. Tuliagiza gimbap, ule wali unaoviringishwa ndani ya mwani, na kuku. Wali wa gimbap ulikuwa umekauka, punje zinaachana, na ulikuwa na siki. Siki na sukari ni vya wali wa sushi. Gimbap ni chumvi na mafuta ya ufuta, na harufu ya ufuta ndiyo inayokupokea kabla hujauma. Mwani wake ulikuwa umenyonya maji mpaka unavutika kama mpira. Kuku alinisikitisha zaidi, kwa sababu nilimwona akitoka jikoni akiwa mzuri. Wakorea humkaanga mara mbili, ngozi ikabaki nyembamba na kavu, ikavumilia hata sosi. Huyu aliwekwa kwenye chombo, akafunikwa, akasubiri kaunta zaidi ya robo saa huku wahudumu wakitafuta ni wa meza gani. Mvuke ukamlowesha. Kaka yako alimla bila kusema neno, nawe unamjua akinyamaza mezani. Figili ya njano ya achari tuliletewa vipande vinne. Nilipoomba vingine nikaambiwa vinalipiwa. Huko Seoul ulikoishi wewe vyakula vya pembeni kwa kawaida huongezwa bila malipo.

Ningeishia hapo. Lakini Mama aliniomba.

Miaka miwili yote uliyokuwa Seoul, Mama alikuwa akiniuliza umekula nini. Nilimwonyesha picha zako za soko la Gwangjang, yule mama aliyekuwa akisaga choroko na kukaanga chapati zake mbele yako, na ile uliyosimama kwenye kibanda siku ya baridi umeshika kikombe cha karatasi. Ulituambia ile ni supu ya eomuk, vile vitafunio vya samaki wa kusaga wanavyochomeka vijitini, na kwamba ukinunua chochote muuzaji anakumiminia bure. Mama aliipenda sana picha hiyo. Alisema, "Angalau kuna mtu anampa mwanangu kitu cha moto." Basi aliposikia mgahawa umefunguliwa, akavaa nguo yake nzuri, akanambia nimpeleke akaonje ulichokuwa ukila.

Wifi, supu ilikuja ya uvuguvugu. Haikuwa na harufu ya dagaa wala ya figili, ilikuwa maji ya chumvi tu. Eomuk zilikuwa zimevimba na kukatika vijitini. Tteokbokki ilikuwa ileile. Mama alijitahidi. Alikula polepole, akanywa maji, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiki ndicho alichokuwa anakula mwanangu?" Nilimwambia hapana, lakini niliona hakuniamini. Alidhani namficha.

Nilimwita msimamizi. Sikumpandishia sauti, nilimweleza moja baada ya jingine kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, hiki ni chakula cha mtaani tu." Hiyo "tu" imenikaa mpaka leo.

Chakula hiki kina historia ya watu waliobanwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bunsik maana yake ni chakula cha unga, na kwamba miaka ya 1960 na 1970, mchele ukiwa haba, serikali ya Korea Kusini iliwahimiza watu wale ngano, hata chakula walichofunga wanafunzi kikikaguliwa shuleni. Tteokbokki ya kale ilikuwa ya sosi ya soya. Hii nyekundu inasimuliwa kwamba ilianza na mwanamke aitwaye Ma Bok-lim, aliyeiuza Sindang-dong, Seoul, kuanzia 1953, mwaka uleule Vita vya Korea viliposimama. Aliuza kando ya barabara, na mteja wa namna hiyo huyaona yote: sufuria iko wazi mbele yake, anaona kinachochemka na kilicholala. Kikiwa kibaya anapita, anakwenda kwa jirani. Unyonge wa kibanda haukuwahi kuwa ruhusa ya kupika ovyo. Pale kwenye mgahawa wamechukua vijiti, vikombe vya karatasi na taa za rangi, wakaacha nyuma ile sufuria iliyo wazi.

Na nina ushahidi kwamba wanaweza. Kwenye kona ya mlangoni kuna binti anapika hotteok. Anakanda donge, analijaza sukari na mdalasini na karanga, analibana kwenye kikaango mbele yako, anakupa likiwa bado linachoma. Tulimpitia tukitoka. Mama alikula yake yote, akalamba sukari kidoleni, akamshukuru yule binti mara mbili. Nilimweleza msimamizi hilo pia, kwamba amwangalie huyo binti anavyofanya, jikoni nako wafanye hivyo hivyo. Sijui kama alilichukua.

Kwa hiyo siku ukifika, tusiende pale. Ukitamani hotteok tutasimama mlangoni kwa yule binti. Mengine nimeshayapanga: dagaa wakavu ninao, figili nitanunua asubuhi yake, ile sufuria pana uliyoipenda nimeirudisha kutoka kwa jirani. Unachokosa jikoni kwangu ni gochujang ya kweli na vile vipande vya mchele, hivyo weka nafasi kwenye begi. Nitamkalisha Mama palepale jikoni, kwenye kile kiti cha karibu na jiko, aone kila unachotia. Supu ndiyo umpe kwanza, tena kwenye kikombe cha karatasi. Nimeshanunua vikombe.

Wako akupendaye,
Wifi yako